Mawifi Mara Mbili: Nilivyouelewa Ukoo wa Fulk wa Anjou

Mara tatu nilianza kusoma habari za Fulk wa Tano, mtawala wa jimbo la Anjou huko Ufaransa, na mara tatu nikaishia njiani. Majina ndiyo yaliyonishinda: baba Fulk, mtoto Fulk, na akina Matilda kila ukurasa.

Mara ya nne nilitandaza karatasi ya manila sakafuni, na badala ya kuandika majina matupu nikaandika nani anamwitaje nani. Mama alikuwa pembeni anachambua mchele. Nikamsomea: Matilda, binti wa Fulk, aliolewa mwaka 1119 na William, mrithi wa mfalme Henry wa Kwanza wa Uingereza. Usiku wa tarehe 25 Novemba 1120 jahazi la William likazama karibu na Barfleur. Matilda alikuwa amepanda chombo kingine; akabaki mjane, baadaye akawa mtawa wa Fontevraud. Kisha mwaka 1128 ndugu yake, Geoffrey, akamwoa dada wa marehemu, naye pia Matilda.

Mama akasimamisha mkono juu ya ungo. "Basi hao ni mawifi mara mbili, mwanangu. Kwanza kwa yule aliyezama, halafu kwa huyu aliyeoa."

Nikachora mistari miwili myekundu kati yao. Sijawachanganya tena.

Baada ya hapo kazi ikawa nyepesi. Fulk alifiwa na mkewe mwaka 1126. Akamwachia Geoffrey jimbo, akaenda Jerusalem kumwoa Melisende, binti wa mfalme wa huko, mwaka 1129, na miaka miwili baadaye yeye mwenyewe akawa mfalme. Wakazaa Baldwin na Amalric. Geoffrey naye alimpata Henry mwaka 1133, yule aliyekuja kuwa Henry wa Pili wa Uingereza. Amalric kazaliwa 1136, kwa hiyo Henry ana baba mdogo ambaye yeye Henry amemzidi miaka 3! Mimi nilishangaa sana. Mama wala, kwetu yupo baba mdogo aliyebebwa mgongoni na watoto wa kaka yake.

Nilipofika Novemba 1143, Fulk anamfukuza sungura karibu na Akka, farasi anaanguka, tandiko linampiga kichwani, Mama aliuliza jambo moja tu: Melisende kaachiwa watoto wa umri gani? Nikapiga hesabu, nikaandika chini ya majina yao: Baldwin 13, Amalric 7.