Siku moja maishani mwangu: mlinzi wa bekapu hospitalini

Saa 11:30 alfajiri. Kabla ya chai natazama barua pepe ambayo seva hunitumia bekapu, yaani nakala ya akiba ya data zetu, ikikamilika. Leo Jumatatu hakuna kitu. Napanda daladala pale Mbagala nikiwa nimeshajua siku yangu itakavyokuwa.

Saa 1:15 niko chumba cha seva. Bekapu kubwa ya wiki imekwama, na Bacula, programu yetu ya bekapu, inaomba volyumu, yaani tepu, ya kuandikia. Wengi hapa hospitalini wananijua kama kijana wa printa, kwa hiyo ngoja nieleze. Bekapu zetu huandikwa kwenye tepu pepe, yaani mafaili makubwa ndani ya diski ambayo programu huyachukulia kama kanda halisi. Kila moja tumeiwekea kikomo cha gigabaiti 50. Kumbukumbu za wagonjwa na picha za eksirei haziwezi kuenea humo. Basi tepu ikijaa, programu huifunga na kuendelea kuandika kwenye inayofuata, hata kama iko katikati ya faili. Katalogi, yaani orodha inayotunzwa na programu, ndiyo inayojua kipande gani kiko tepu gani. Bekapu moja inakuwa tepu nyingi zinazotegemeana, na ikikosekana moja, kuna mafaili yatakayorudi vipande.

Usiku tepu zote zilikuwa zimejaa, na hakuna hata moja iliyotimiza siku 30 tulizojiwekea kabla ya kuandika juu yake. Ipo amri ya kuifuta ya zamani kwa nguvu, na mwenye haraka angeitumia. Mimi siitumii, kwa sababu hiyo ya zamani ni rekodi za watu. Nimechomeka diski mpya, nimetengeneza tepu mpya na kuzipa lebo, na bekapu ikaendelea pale pale ilipoishia.

Saa 3 mpaka saa 5: printa ya maabara, nenosiri la muuguzi, kebo ya dirisha la malipo.

Saa 5:20 simu inaita. Ni mama wa kitengo cha madai ya bima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, faili la madai halipo, na mwisho wa kulituma ni leo saa kumi."

Mtu alilifuta Ijumaa. Bekapu ya Alhamisi usiku inalo, lakini katalogi inasema limeanzia mwishoni mwa tepu 31 na kumalizikia tepu 32. Ya 31 ipo kwenye seva. Ya 32 ipo kwenye diski iliyopelekwa Ijumaa kwenye sefu ya jengo la utawala, maana hatuweki nakala zote chini ya paa moja, moto hauchagui. Mwenye ufunguo wa sefu ametoka kikazi.

Hapo ndipo siku iliponilemea. Mama alipiga, akakata, akapiga tena. "Si umesema lipo? Basi nipe hiyo nusu kwanza." Nikamweleza kwamba ni zipu, yaani faili moja lililofungasha fomu nyingi zilizoskaniwa, na orodha ya vilivyomo ndani ya zipu huandikwa mwisho wa faili. Ukiwa na mwanzo bila mwisho, haifunguki. Akaniambia vijana wa kompyuta tunapenda kufanya mambo yawe magumu. Kisha akaja mwenyewe, akakaa kwenye kiti kando ya mlango na bahasha yake mapajani, akawa ananitazama. Sikumlaumu. Madai yakichelewa, ni dawa zitakazochelewa kununuliwa, na yeye ndiye atakayeulizwa. Lakini nilichoka. Chakula cha mchana kilinipita, bekapu ya asubuhi bado inakwenda, na mimi sina la kufanya ila kusubiri ufunguo.

Adhuhuri ilishapita mwenye ufunguo aliporudi. Nikaipokea diski, nikasaini daftari, nikaichomeka. Programu ilisoma 31 mpaka mwisho, ikasimama, ikaiomba 32. Nikaipa. Nililirudisha faili kwenye folda ya pembeni, si juu ya kitu chochote kilichopo, kisha nikafungua fomu ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Mihuri inasomeka, saini zimekamilika. Nikamwita mama aje azione kwenye skrini. Akavaa miwani, akazipitia moja moja bila haraka, ingawa saa ilikuwa inamkimbiza.

"Zipo zote," akasema. "Mungu akubariki, baba."

Ametuma kabla ya saa kumi.

Bekapu ya wiki imemalizika jioni. Nimeandika ombi la diski nyingine mbili, kwa sababu picha za eksirei zinaongezeka kila mwezi na kubana siku za kuhifadhi si suluhisho. Mwenzangu wa usiku nimemwachia maagizo: nafasi ikijaa aongeze tepu mpya, na 31 na 32 asiziguse mpaka bima wathibitishe kuwa wamepokea madai.