Kutoka Guangzhou hadi Nanjing: Safari ya Kufuata Deni Lililozaa Vita

Wapo wanaokwenda Guangzhou kununua bidhaa. Mimi nilikwenda kufuata deni. Kwa muda mrefu nilikuwa nikisoma habari za vita vilivyotokana na ugomvi wa biashara: jinsi Uingereza na Uholanzi zilivyoanza kupigana mwaka 1652, muda mfupi baada ya Bunge la London kupitisha sheria ya kuzuia meli za Kiholanzi kupeleka bidhaa za nchi nyingine katika bandari za Uingereza, au jinsi Uingereza na Hispania zilivyokabiliana mwaka 1739 kutokana na upekuzi wa meli za magendo katika Bahari ya Karibi. Jambo moja lilikuwa likinisumbua katika visa hivi. Wafanyabiashara hugombana kila uchao, na mara nyingi ugomvi wao huishia kwenye hasara, kesi au suluhu. Ni hatua ipi hasa inayoigeuza hasara ya mfanyabiashara kuwa sababu ya serikali kutuma manowari? Katika Vita vya Afyuni kati ya Uingereza na China, vya mwaka 1839 hadi 1842, hatua hiyo inajulikana mpaka siku yake, na ndiyo maana niliamua kufuata njia ya vita hivyo, kuanzia mahali ugomvi ulipoanzia mpaka mahali hesabu zilipofungiwa.

Asubuhi yangu ya kwanza niliitumia katika mtaa wa Shisanhang, ambao umepewa jina la yale makampuni kumi na matatu ya zamani. Siku hizi mtaa huo ni soko la nguo za jumla, na mgeni asiyekwenda kununua ni kikwazo tu kwa wachukuzi wanaosukuma mikokoteni iliyojaa marobota yaliyofungwa kwa mkanda wa plastiki. Majengo ambayo wageni walipangishiwa kwa ajili ya makazi na maghala yao hayapo tena, kwa kuwa yaliteketea kwa moto mwaka 1856, katika Vita vya Pili vya Afyuni. Hata hivyo, ukisimama pale unaweza kukisia jinsi eneo lenyewe lilivyokuwa finyu. Kuanzia mwaka 1757 hadi mwaka 1842, biashara yote ya baharini kati ya China na mataifa ya Ulaya ilitakiwa kupitia mji huu mmoja, na hapa mjini ilipita katika mikono ya kundi dogo la wafanyabiashara wenye kibali, walioitwa hong. Kila meli ya kigeni ilipaswa kuwa na mdhamini kutoka katika kundi hilo. Wageni hawakuruhusiwa kuja na wake zao, na msimu wa biashara ulipokwisha iliwabidi waondoke, wengi wao wakirejea Macau, mji wa pwani uliokuwa mikononi mwa Wareno.

Ni rahisi kudhani kwamba masharti hayo ndiyo yaliyoleta vita, na Waingereza wa wakati ule walipenda kuyataja kwa uchungu mkubwa. Mimi nadhani walikuwa wakitia chumvi. Chini ya masharti hayohayo walipata chai, na chai ilikuwa ikiilisha hazina ya nchi yao. Mwaka 1784 Bunge la Uingereza lilipunguza ushuru wa chai kutoka asilimia 119 hadi asilimia 12.5 ili kuua magendo. Unywaji ukaongezeka kwa kasi, na baadaye ushuru ulipopandishwa tena, chai ikawa chanzo cha takriban sehemu moja ya kumi ya mapato ya serikali. Tatizo lilikuwa malipo. China haikuwa na hamu kubwa ya bidhaa za Uingereza, na balozi Macartney aliyefika China mwaka 1793 kuomba bandari zaidi alirudi mikono mitupu. Chai ililipiwa kwa madini ya fedha, na madini hayo yalikuwa yakienda bila kurudi.

Kilichoyarudisha ni afyuni, dawa ya kulevya. Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilihodhi zao hilo huko Bengal, ikaliuza kwa mnada Calcutta, kisha ikawaachia wafanyabiashara binafsi kazi ya kulisafirisha hadi pwani ya China, ambako lilikuwa limepigwa marufuku kwa amri zilizotolewa tangu mwaka 1729. Kwa mpango huo kampuni ilipata faida bila kushika magendo kwa mkono wake. Mwanzoni mwa karne ya 19 yaliingia makasha kama 4,000 kwa mwaka, kila kasha likiwa na uzito wa kilo 60 hivi. Kufikia mwaka 1838 yalikuwa yamekaribia 40,000. Sasa fedha ikaanza kutoka China. Wakulima walipata mapato yao kwa sarafu za shaba lakini kodi ilikadiriwa kwa fedha, na wakia moja ya fedha, ambayo kwa kawaida ilibadilishwa kwa sarafu 1,000, katika miaka ya 1830 ilihitaji zaidi ya 1,300. Kodi ilipanda bila mtu yeyote kuipandisha. Katika baraza la Kaisari Daoguang alikuwapo afisa aliyependekeza afyuni ihalalishwe na kutozwa ushuru, lakini hoja yake ilishindwa, na mwezi Machi 1839 mjumbe maalumu Lin Zexu aliwasili Guangzhou akiwa na mamlaka ya kuikomesha biashara hiyo.

Hapa ndipo ilipo ile hatua niliyokuwa nikiitafuta. Lin aliwaamuru wageni wasalimishe afyuni yote, nao wakamtolea makasha 1,000 na ushee kwa matumaini kwamba yangemridhisha. Hakuridhika. Tarehe 24 Machi aliwaondoa watumishi wote wa Kichina na kuyazingira majengo, huku ndani wakiwamo wageni kama 350. Charles Elliot, msimamizi wa biashara ya Uingereza, alikuwa ndani pamoja nao, na tarehe 27 Machi akatoa tangazo: Waingereza wote wamkabidhi yeye afyuni yao, kwa niaba ya serikali ya Malkia, na serikali ingewajibika kwa thamani yake. Hakuwa ametumwa na mtu kutoa ahadi hiyo. Wafanyabiashara, ambao bidhaa yao ilikuwa imedoda kwa miezi mingi kutokana na msako, waliipokea kwa mikono miwili na kuandikisha hata makasha ambayo bado yalikuwa njiani. Jumla ikafika makasha 20,283, yenye thamani ya takriban pauni milioni 2. Kwa tangazo hilo hasara ya walanguzi ilihama vitabu: kutoka katika daftari za watu binafsi ikaingia katika daftari la serikali.

Kutoka Guangzhou nilichukua treni ya mwendo kasi hadi Humen, safari fupi kiasi kwamba nilikuwa sijamaliza kusoma kurasa chache. Humen ni mlango wa Mto Lulu, na hapo ndipo Lin alipoiharibu afyuni kuanzia tarehe 3 Juni 1839. Makumbusho yamejengwa kando ya mahandaki yenyewe, ambayo leo yanaonekana kama madimbwi mapana yaliyotulia. Kama si maelezo ya ukutani, ungeyapita ukidhani ni mabwawa ya samaki. Kazi ilivyofanywa inaeleweka vizuri ukiwa ukingoni. Sakafu iliwekwa mawe na kuta zikazibwa kwa mbao ili afyuni isinywewe na ardhi. Maji yaliingizwa, yakatiwa chumvi, kisha madonge ya afyuni yakakatwakatwa na kutupwa humo yalowane. Baada ya hapo ikamwagwa chokaa, nayo ikachemka na kufuka moshi wenye harufu mbaya huku vibarua wakikoroga kwa majembe. Maji ya bahari yalipokupwa, milango ilifunguliwa na tope hilo likateremka baharini. Lin alikuwa ametangulia kumwandikia mungu wa bahari akimwomba awaambie viumbe wake wasogee mbali kwa muda. Mfanyabiashara Mmarekani, C. W. King, ambaye kampuni yake haikushiriki katika uuzaji wa afyuni, alifika kushuhudia, na akaondoka akiwa ameridhika kwamba hakuna kilichoibwa.

Kilichofuata kinawavunja moyo wale wanaopenda kukiita kisa hiki mapambano ya biashara huria. Lin hakuifunga bandari. Alitaka kila nahodha atie saini hati ya kukubali kwamba, akikutwa na afyuni, adhabu ni kifo. Elliot aliwakataza Waingereza kutia saini, lakini baadhi yao walikuwa na bidhaa halali za kuuza na hawakuona sababu ya kusubiri. Tarehe 3 Novemba 1839 meli ya Royal Saxon ilikuwa ikielekea mtoni baada ya nahodha wake kukubali masharti. Manowari ya Kiingereza, Volage, iliifyatulia mzinga wa onyo mbele ya njia yake. Majahazi ya kivita ya China yalipojitokeza, mapigano yakaanza. Kwa maneno mengine, risasi ya kwanza siku hiyo ilielekezwa kwa meli ya Kiingereza iliyotaka kufanya biashara kwa amani.

Ngome ya Weiyuan iko chini kabisa ya daraja kubwa la Humen, na ngurumo ya malori yanayopita juu haikatiki. Niliingiza kichwa katika tundu mojawapo la mzinga lililotazama mto. Tundu ni jembamba, ukuta ni mnene, na unachokiona ni ukanda mmoja tu wa maji. Mizinga ya aina hii haikuweza kugeuzwa kuifuata meli inayosogea. Ilisubiri adui apite mbele yake. Waingereza hawakuona haja ya kupita hapo. Januari 1841, katika ngome za Shajiao, waliteremsha askari na kuwashambulia walinzi kutokea nyuma, huku meli ya mvuke Nemesis, yenye mwili wa chuma, ikijiendea kwenye maji madogo bila kujali upepo. Tarehe 26 Februari zilianguka ngome za hapa, na jemadari Guan Tianpei akauawa pamoja na watu wake.

Treni ya kusini iliponichukua kwenda Hong Kong, nilikuwa nikiifikiria London zaidi kuliko mto. Ahadi ya Elliot ilipofika huko, serikali ya waziri mkuu Melbourne haikuwa na pauni milioni 2 za ziada na haikuthubutu kuliomba Bunge iwalipe walanguzi wa afyuni. Oktoba 1839 baraza la mawaziri lilipata njia ya kulikwepa deni bila kulikana: China ndiyo ilipe. Bunge lilipojadili suala hilo mwezi Aprili 1840, Gladstone, mbunge wa upinzani, alivilaani vita hivyo kwa maneno makali, lakini hoja ya upinzani ilishindwa kwa kura 271 dhidi ya 262. Kura tisa.

Hong Kong yenyewe sitaielezea sana. Nilipanda Mtaa wa Possession, mahali Waingereza walipopandisha bendera yao tarehe 26 Januari 1841, na nikakuta kwamba bahari imesukumwa mbali kwa kifusi kiasi kwamba huwezi hata kuiona. Elliot alikuwa amekipata kisiwa hiki kwa makubaliano na Qishan, mjumbe wa Kaisari, pamoja na dola milioni 6, yaani sarafu za fedha zilizotumika katika biashara wakati ule. Palmerston, waziri wa mambo ya nje, aliona kwamba alichopewa ni kidogo. Kaisari aliona kwamba kilichotolewa ni kikubwa. Wajumbe wote wawili wakafukuzwa kazi, na vita vikaendelea.

Vilimalizikia Nanjing, na huko ndiko nilikomalizia. Katika hekalu la Jinghai, lililojengwa upya baada ya lile la zamani kuharibiwa, kuna makumbusho ya mkataba uliozungumzwa hapo na kutiwa saini tarehe 29 Agosti 1842 ndani ya manowari Cornwallis, iliyotia nanga Mto Yangtze. Watu wengi hulizungumzia sharti la kuitoa Hong Kong na lile la kufungua bandari tano, lakini mimi nilikaa zaidi mbele ya vifungu vya fedha, kwa sababu vimeandikwa kama ankara. Dola milioni 6 ni thamani ya afyuni ya Machi 1839. Milioni 3 ni madeni ya wafanyabiashara wa hong kwa Waingereza, na kundi lenyewe la hong likavunjwa. Milioni 12 ni gharama za vita, yaani mdaiwa alitozwa nauli ya waliokuja kumdai. Jumla ya milioni 21 ilipangwa kulipwa kwa awamu hadi mwaka 1845, na awamu yoyote itakayochelewa itozwe riba ya asilimia 5 kwa mwaka. Hakuna kifungu kilichoihalalisha afyuni wala kilichoikataza. Iliendelea kuingia kwa magendo mpaka ilipowekewa ushuru mwaka 1858, katikati ya vita vya pili. Na ili malipo yasisuesue, visiwa vya Zhoushan na Gulangyu viliwekwa rehani mikononi mwa jeshi la Uingereza, na Zhoushan haikurudishwa mpaka mwaka 1846.