Jinsi Nilivyochora Mng'aro wa Eta Aquilae Nikiwa Maseno

Eta Aquilae ni nyota badilifu ambayo mng'aro wake hupanda na kushuka katika mzunguko wa siku 7 na saa 4 hivi, na mabadiliko hayo yanaonekana kwa macho matupu. Edward Pigott aliyagundua huko Uingereza mwaka 1784. Hapa Maseno, ambako Ikweta inaikata barabara ya Kisumu kwenda Busia, mwezi wa Septemba nyota hii huwa karibu na utosi mnamo saa mbili na nusu usiku. Naanza na Altair, iliyo angavu kuliko zote katika kundinyota la Ukabu, nashuka kusini hadi Beta, nyota nyingine ya kundi hilo, kisha naendelea karibu mara mbili ya umbali huo.

Chombo cha kupimia sina. Huilinganisha na jirani zake ambazo jicho haliwezi kuona zikibadilika, yaani Delta (3.4), Beta (3.7) na Iota (4.4), nikikumbuka kwamba katika kipimo cha wanafalaki namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu. Nikiona kwamba Eta imezidiwa kidogo na Beta kwa mng'aro lakini inaizidi Iota maradufu ya tofauti hiyo, naandika 3.9 pamoja na saa, nikimulika daftari kwa tochi niliyoifunika nailoni nyekundu ili macho yasipoteze mazoea ya giza. Kurasa za nyuma sizifungui kabla ya kuandika, kwa sababu anayejua nyota ilikuwaje juzi huona anachotarajia.

Kikwazo kikubwa kilikuwa mawingu. Kwa mvua zetu za jioni zenye radi, kuipata wiki nzima ya anga safi ni bahati ambayo sikuingoja. Badala yake nilichagua usiku mmoja kuwa mwanzo, nikahesabu siku zilizopita hadi kila kipimo, nikazigawanya kwa 7.177, yaani siku za mzunguko mmoja, kisha nikaitupa namba kamili na kubaki na desimali tu. Kwa njia hiyo kipimo cha Agosti na cha Oktoba vilikaa pamoja kwenye karatasi moja ya grafu, kila kimoja mahali pake katika mzunguko, na mapengo yakazibika.

Vitone vilitawanyika, jambo la kawaida kwa makadirio ya macho, lakini umbo lilikuwa wazi: nyota hupanda kwa kasi hadi karibu 3.5, kisha hushuka polepole hadi karibu 4.4. Hakuna kinachoifunika. Ni mwili wake wenyewe unaotanuka na kusinyaa, kwa kuwa tabaka la heli ndani yake huzuia joto, likasukumwa nje, kisha likaliachia.

Eta ikizama mapema mwishoni mwa mwaka, nahamia Zeta Geminorum, ya jamii hiyohiyo, ambayo mzunguko wake ni siku 10.15 na tofauti ya mng'aro wake ni ndogo zaidi, kwa hiyo inadai jicho makini.