Nilivyoinasa hitilafu ya NMR iliyokuwa ikija na kuondoka

Mashine yetu ya NMR, inayochunguza molekuli kwa sumaku na mawimbi ya redio, ni ya 400 MHz, yaani sumaku yake ni ya Tesla 9.4, na ilipata ugonjwa wa aina ninayoichukia kuliko zote: unaokuja unapotaka. Asubuhi mtu anapima sampuli, vilele vya protoni (viini vya hidrojeni) vinatoka virefu na safi. Mchana anarudia kwa bomba lile lile, vilele vimepungua karibu nusu na fezi, yaani ulinganifu wa umbo la vilele, imepinda. Fundi akiitwa, mashine inatii. Akishafunga mkoba wake na kuondoka, inaanza upya.

Wenye haraka hukimbilia kubadilisha vipuri. Kwa hitilafu ya vipindi mimi siukubali mtindo huo. Ukibadilisha kitu leo mashine ikatulia, utajuaje kama kipuri kipya ndicho kilichoiponya, au ulikuwa tu wakati wake wa kutulia? Nilitaka kwanza niweze kusema bila kubahatisha ni saa ngapi hitilafu ipo na ni saa ngapi haipo.

Jambo moja lilikuwa limekaa wazi kwenye skrini muda wote: vilele vya protoni vikiharibika, loki, yaani ishara inayoshikilia uga wa sumaku usihame, haishuki. Loki hufuata deuteri (hidrojeni nzito) ya kiyeyusho kwenye masafa ya 61.4 MHz. Njia yake ya umeme ni nyingine, ila sumaku ni ile ile, shimu (koili za kusawazisha uga wa sumaku) zile zile, sampuli ile ile. Loki ikisimama imara huku protoni zinayumba, huna sababu ya kuilaumu sumaku, wala shimu, wala kimo cha bomba ndani ya probu, kifaa chenye koili kinachozunguka sampuli. Kaboni nazo zikaongeza fununu. Wakati mbaya mistari yake ilinenepa, dalili kwamba nguvu ya kuzima mwingiliano wa protoni na kaboni haifiki yote. Kwa hiyo shida ilikuwa kwenye njia ya 400 MHz: amplifaya kubwa (inayokuza mipigo inayotumwa), priampu (inayokuza ishara ndogo inayorudi), kebo au probu.

Hapo nikaiachia mashine ijipeleleze yenyewe usiku, jengo likiwa tupu. Nilitumia sampuli ya klorofomu katika asetoni yenye deuteri, ile iliyozibwa kabisa ambayo hutumika kupima umbo la mstari. Ina kilele kimoja chembamba, na haibadiliki. Nilipanga mipigo ya mawimbi ya redio ya aina mbili ipokezane, ya digrii 90, inayougeuza usumaku wa protoni robo duara na kutoa kilele kirefu kabisa, na ya digrii 360, na kila mpigo uhifadhiwe peke yake. Usijumlishe skani hata kidogo, maana jumla ndiyo inayoficha hitilafu. Pumziko kati ya mipigo liwe refu, kwa kuwa protoni za klorofomu huchelewa kurudi katika hali yake.

Mpigo wa digrii 360 ndio niliouwekea matumaini. Mashine ikiwa nzima, usumaku wa protoni unazunguka duara kamili na kurudi ulikotoka, hivyo hakuna kilele cha maana. Nguvu inayofika kwenye koili ikipungua, duara halikamiliki, na kilele kinachomoza kikiwa kimepinduliwa. Lakini kasoro ikiwa kwenye upokeaji peke yake, baada ya priampu, kilele cha digrii 90 kitafupika na mpigo wa 360 utabaki bapa. Kwa jaribio hilo unatenganisha kutuma na kupokea bila kufungua skrubu hata moja.

Asubuhi nilipozipanga spektra mfululizo, nilikuta sehemu ndefu zilizonyooka, kisha ghafla vilele vya 90 vinaporomoka na vya 360 vinachomoza chini, kwa wakati mmoja. Kutuma na kupokea vimeugua pamoja. Njia hizo mbili hukutana kuanzia priampu hadi kwenye koili tu, kwa hiyo hitilafu ilikuwa humo.

Kipimajoto kidogo nilichokuwa nimekining'iniza karibu na sumaku kilimalizia habari. Maporomoko yalikuja muda mfupi baada ya kiyoyozi kuanza kusukuma baridi, na kebo ya protoni ilipita mahali hewa hiyo inapoangukia. Nikafungua mchoro wa kutyuni probu, ambao hutumia nguvu ndogo tu na huonyesha bonde pale probu inapopokea masafa yake vizuri, nikaigusa kebo taratibu kuanzia upande wa priampu. Bonde la mchoro halikutikisika. Nilipofika kwenye konekta ya upande wa probu, nikaisukuma kidogo sana pembeni, bonde likaruka, likapoteza kina, kisha likarudi. Nikarudia mpaka nikaridhika.

Kabla ya kuifungua nilisimamisha kila jaribio na kuhakikisha hakuna mpigo unaotoka. Amplifaya ikipiga kwenye kebo iliyo wazi inaweza kujiua. Spana ilikuwa ya shaba nyeupe, maana karibu na sumaku kama hiyo chuma hakiingii.

Kebo ya zamani niliikata konekta na kuitazama kwa lenzi. Risasi ya kulehemu iliyoshika pini ya katikati ilikuwa na ufa mwembamba kuzunguka pini yote. Ikipoa na kusinyaa, mgusano unalegea. Mita ya kawaida, kebo ikiwa imelala mezani, iliionyesha kuwa nzima.

Baada ya kufunga kebo mpya nilipima upya urefu wa mpigo wa digrii 90, nikaurudisha mtego ule ule wa mipigo ya 90 na 360 usiku kucha, kiyoyozi kikiwaka na kuzima kama kawaida. Mipigo ya 360 ilibaki bapa hadi asubuhi. Mtego wenyewe sijaufuta. Nauendesha mwishoni mwa wiki wakati hakuna anayehitaji mashine.