Jiwe la Juu

Wapendwa katika Bwana, juma hili nimesoma Kumbukumbu la Torati 24 kwa aibu. Mstari wa 6 unakataza mtu kutwaa rehani mawe ya kusagia, hata lile la juu peke yake, kwa kuwa afanyaye hivyo ametwaa uhai wa mwenzake. Kwa miaka mingi nimeupita mstari huo upesi, nikiuhesabu kuwa sheria ya watu wa kale. Lakini mwezi uliopita nilikwenda kwa dada mmoja tunayeabudu naye, fundi wa nguo niliyekuwa nimemkopesha fedha, nikalegeza skrubu, nikavua mkanda, nikaondoka na kichwa cha cherehani chake. Meza na pedeli niliziacha palepale dirishani.

Sasa yatazameni mawe yenyewe. Katika Israeli ya siku za Waamuzi, la chini lilikuwa refu na zito, mara nyingi la basalti (jiwe gumu la volkano), lililobonyea katikati kwa kusuguliwa. La juu lilishikwa kwa mikono miwili, likasukumwa mbele na kurudishwa nyuma juu ya nafaka. Mawe ya kuzungushwa kwa mpini yalikuja baadaye. Kiebrania hulitaja jiwe la juu kwa neno lenye asili moja na kupanda mnyama, kwa sababu limempanda mwenzake mgongoni.

Kazi hiyo ni ya kale kuliko Ibrahimu. Huko Ohalo, kando ya Bahari ya Galilaya, limepatikana bamba la jiwe la miaka ipatayo 23,000 lenye chembe za wanga wa shayiri mwitu. Na huko Abu Hureyra nchini Syria, karibu na mto Frati, wachunguzi wa mifupa ya wakulima wa kwanza waliona vidole vya miguu, magoti na sehemu ya chini ya mgongo vilivyoharibika, hasa kwa wanawake, wakatambua kwamba ni alama za kupiga magoti saa nyingi kila siku mbele ya jiwe. Mkate tunaouombea katika sala ya Bwana ulipitia kwanza katika magoti ya mtu.

Lakini kwa nini Torati ikalitaja jiwe la juu peke yake? Kwa sababu hilo ndilo linalobebeka. Mwanamke wa Tebesi alilirusha toka juu ya mnara likampasua kichwa Abimeleki, mfalme aliyekuwa akiushambulia mnara huo (Waamuzi 9:53). Mdai hahitaji kuhangaika na lile zito. Akishachukua dogo, kubwa limekufa papo hapo, na nyumba iliyozoea kusaga unga wa siku hiyo italala na nafaka ndani na njaa tumboni. Mungu aliijua hila hiyo kabla sijaibuni mimi, niliyejisifu moyoni kwamba nimemhurumia kwa kumwachia meza.

Tena mstari wa 10 na wa 11 unamwamuru mdai asimame nje, mwenye deni mwenyewe aitoe rehani. Mimi niliingia hadi ndani, watoto wake wakinitazama.

Ndugu zangu, niruhusuni niseme kwa ukali, kwa maana najisema mwenyewe kwanza. Tunao miongoni mwetu wanaoshikilia pikipiki ya dereva, simu ya mchuuzi, vyeti vya kijana anayetafuta kazi, kisha Jumapili wanasimama kutoa shukrani. Amosi 2:8 iliwaona watu wa namna hiyo wakijinyosha kando ya madhabahu juu ya nguo za rehani. Kudai ni haki yako, wala Torati haikufuta deni katika mstari huu. Ila mtu uliyemnyang'anya kifaa chake cha kazi atakulipa kwa kitu gani? Mrudishieni kifaa chake leo, kabla ya ibada, na mazungumzo ya deni yafuate yeye akiwa kazini.

Alhamisi nilikirudisha kile kichwa. Nilisimama nje, nikabisha hodi, nikangoja. Alikipokea kimya, akakifunga mahali pake, akatia mafuta, akapitisha kipande cha kitambaa chini ya sindano na kukanyaga pedeli. Uzi ulikatika mara mbili, kwa sababu nilikiweka vibaya chini ya kitanda changu. Mara ya tatu ukashona.