Kishikwambi changu cha sensa
Walimu wenzangu mnakumbuka vile vishikwambi vya Sensa ya 2022, vilivyokuja kugawiwa kwetu? Changu kilikaa kabatini muda mrefu, kazi yake kubwa ikiwa kuangalizia saa.

Halafu darasa la tano nikampata mtoto mwenye ualbino, uoni wake hafifu. Hata dawati la mbele halikumfaa. Alikuwa anainuka, anasogea mpaka pua inakaribia kugusa ubao, wenzake wanacheka, anarudi kukaa bila kuandika kitu.

Siku moja nikaupiga picha ubao, nikamkabidhi kishikwambi na kumwonyesha kukuza maandishi kwa vidole viwili. Akanyamaza, akaandika mpaka mwisho. Baadaye nikakuta kwenye mipangilio sehemu ya kugeuza rangi: skrini inakuwa nyeusi, maandishi meupe. Kumbe mwanga mkali ndio uliokuwa unamuumiza macho, na mimi nilidhani anakunja uso kwa ukaidi! Niliona aibu, sifichi.

Sasa na mwanafunzi mwingine, anayesoma kwa kusitasita, ameomba zamu. Anajirekodi akisoma aya moja, anajisikiliza, anacheka, anarudia. Jana karudia mara sita. Mimi uvumilivu ungeniishia ya tatu.

Shida ni chaji, na kifaa kimoja darasa zima (msiniulize kuhusu bando).

Leo asubuhi nimemkuta yule wa kwanza anamwelekeza jirani yake namna ya kugeuza rangi. Nikasubiri amalize, ndipo nikaita majina.