Siku moja wodini: mimi si mpishi

Saa 1:30 asubuhi nimeshafika wodi ya upasuaji na mizani, utepe na faili. Mgonjwa wa kwanza ananiuliza leo kumepikwa nini. Mimi ni mtaalamu wa lishe, sipiki, lakini swali hilo nimelizoea.

Hadi saa 4 ni kupima na kuandika, wazee wanane. Mmoja mizani inamsifu bure, kwani miguu imejaa maji. Nikazungusha utepe kwenye shavu la mguu pale pasipovimba: sentimita 28. Chini ya 31 mimi huanza kuhofia misuli.

Kisha nikafika kwa bibi wa miaka 78, anayesubiri kutolewa uvimbe wa utumbo. Juu ya kitanda: ASILE WALA ASINYWE. Tangu saa 6 usiku. Jana pia alifungishwa hivyo hivyo, na saa 10 jioni akaambiwa ni kesho.

"Mwanangu, hata chai?"

Utumbo wake haujaziba. Mtu kama yeye anaruhusiwa chakula hadi masaa sita kabla ya dawa ya usingizi, na maji au chai isiyo na maziwa hadi masaa mawili. Nikapiga simu chumba cha upasuaji. Muulize wa usingizi. Wa usingizi yuko ndani. Muulize daktari wake. Daktari yuko kliniki. Nikapanda ngazi mwenyewe, nikasoma orodha ukutani: bibi ni wa mwisho, baada ya saa 9 alasiri.

"Sasa mbona hajapewa hata maji?"

"Ndiyo utaratibu, dada."

Ana dripu, ndiyo, lakini maji ya chumvi si chakula. Miezi mitano iliyopita alikuwa na kilo 61, leo ana 52. Uzeeni kinga huwa imeshapoa, chembe zake zinachelewa kuamka vijidudu vikiingia. Ukimpasua, mwili unabomoa misuli ili upate protini ya kuunga kidonda na kutengeneza askari wapya. Asiye na misuli atabomoa nini? Hapo ndipo mshono unapofumuka na nimonia inapoingia. Nilishaomba tumjenge kwanza wiki moja hadi mbili. Nikajibiwa uvimbe hausubiri. Ajabu, njaa ya siku mbili umeisubiri.

Chai aliipata saa 7 kasoro. Mchana sijui ulikwendaje. Nakumbuka kijana mmoja akisisitiza kwamba baba yake hali kwa sababu ya umri, na meno ya bandia ya mzee yamo kwenye glasi dirishani. Tukayavalisha, akala.

Saa 11 nafunga faili, sista ananiita: orodha imejaa, bibi ni kesho tena.

Nikampelekea maziwa na mayai mawili mwenyewe. Leo nilistahili kuitwa mpishi. Akala moja taratibu, la pili akalifunga kwenye leso, akaliweka chini ya mto.

"Hili la saa tano usiku," akaninong'oneza, "kabla hawajanifunga."